Ndoana Nyingi si Samaki Wengi

Yeyote aliyepata kushuka katika soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, wakati vyombo virudipo asubuhi, anajua kwamba pale hapauzwi samaki peke yake. Maneno nayo hubadilishana mikono, na mengine yana thamani kuliko mzigo uliomo katika matenga. Majuzi tulisimama pale tukawasikia wavuvi wawili wakibishana. Mmoja alikuwa kijana, ameshika mshipi mpya aliokuwa ameufunga ndoana tano. Wa pili alikuwa mtu mzima, mkononi mwake mna mshipi wa ndoana moja tu, na ndoana yenyewe imekwisha kuchakaa.

"Mzee," alisema kijana, "wewe una ndoana moja, mimi ninazo tano. Ukipata samaki mmoja, mimi nitapata watano. Hesabu hii hata mtoto wa shule aijua."

Mzee akamjibu, "Ni kweli, mwanangu, mtoto wa shule aijua. Tatizo ni kwamba samaki hajasoma."

Waliokuwapo wakacheka, na mabishano yakaishia hapo. Sisi tulirudi na jambo hili moyoni, kwa kuwa tuliona kwamba wote wawili walikuwa na haki, na kwamba katika mzaha ule mlikuwa na swali kubwa linalowahusu wavuvi, wafanya kazi, na kila mwananchi ambaye kitoweo chake hutoka majini. Je, mtu akiongeza ndoana katika mshipi, ameongeza samaki? Na kama ameongeza, ameongeza wangapi, kwa gharama gani, na gharama hiyo hulipwa na nani? Leo twapenda kulichambua swali hilo kwa makini, tukianzia katika ngalawa na kuishia katika meli kubwa za bahari kuu.

Kwanza tumtendee haki kijana yule. Ndoana ni katika zana za kale kabisa za binadamu. Katika pango la Sakitari, kisiwani Okinawa, nchini Japani, wachimbuzi wa mambo ya kale walipata ndoana zilizochongwa kwa kaka za konokono wa baharini, zenye umri wa miaka ipatayo 23,000. Tangu zama hizo binadamu hakuacha kuitengeneza upya: akaifanya kwa mfupa, kwa shaba, kwa chuma, akaitia jino la nyuma ili samaki asichomoke. Kuongeza ndoana ya pili na ya tatu katika ugwe mmoja ni hatua katika njia hiyo hiyo ya maarifa, wala si kosa mtu kuitafuta njia ya kupunguza jasho lake.

Tena, mshipi wa ndoana kadhaa una faida ambayo wa ndoana moja hauna. Mvuvi hufunga chubwi mwisho wa mshipi, kisha juu yake hufunga nyuzi fupi, kila moja na ndoana yake, moja juu ya nyingine. Anaposhusha mshipi, chambo kimoja huwa karibu na chini, cha pili pima moja juu yake, cha tatu juu zaidi. Kwa njia hiyo huuliza swali moja katika vina vitatu kwa wakati mmoja. Changu au chewa wakiwa karibu na mwamba, ndoana ya chini itamwambia. Kolekole wakiwa wanapita juu, ndoana ya juu itamwambia. Anaweza vilevile kutia kipande cha ngisi huku, dagaa kule, na pweza kwingine, akajua siku ile samaki wanapenda nini. Mwenye ndoana moja hana budi kuyajaribu hayo moja baada ya jingine, na huenda maji yakageuka kabla hajapata jibu.

Lakini kazi hii ina kanuni zake, na mwenye kuzipuuza huadhibiwa upesi. Uzi mfupi wa kila ndoana lazima uwe pungufu ya nusu ya nafasi iliyopo baina ya ndoana na ndoana. Ukiwa mrefu kuliko hivyo, ndoana mbili jirani zitafikiana, na mshipi utapanda juu umesokotana kama shungi lililoachwa bila kuchanwa. Kila dakika ya kufungua fundo ni dakika ambayo hakuna chambo majini. Kisha ipo hatari ya mwili. Samaki mkubwa akiishika ndoana ya chini na kuvuta kwa ghafula, ndoana za juu zilizo tupu hupita mikononi mwa mvuvi kwa kasi, na si wachache walioumia vidole kwa namna hiyo. Ndoana moja ikimpata samaki na ya pili ikakwama katika mwamba, mara nyingi hupotea vyote viwili pamoja na chubwi. Wazee waliposema mshika mawili moja humponyoka, hawakuwa wakiwawaza wavuvi peke yao, ila wavuvi huusikia ukweli wake mikononi.

Hayo ni ya ndoana mbili au tano. Sasa tutazame mshipi mrefu wenye ndoana makumi na mamia, ambao katika pwani yetu huitwa dhulumati, na katika Ziwa Victoria hujulikana kama migonzo. Huu haushikwi mkononi. Hutandazwa majini ukiwa na maboya na nanga, ukaachwa kwa saa kadhaa au usiku kucha, ndipo ukavutwa. Baharini huwavua papa, taa na chewa wakubwa. Ziwani huwavua sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani humo katika miaka ya 1950 na 1960, ambaye baadaye minofu yake ilisafirishwa kwa wingi kwenda Ulaya. Sikio la Mswahili likisikia neno dhulumati, mara moja hukumbuka dhuluma. Hatusemi kwamba maneno hayo ni ndugu. Twasema tu kwamba tukiwa wazembe, yaweza kufanana kwa vitendo.

Twauomba wasaa wa msomaji tufanye hesabu ndogo. Ni mfano tu, lakini kila mvuvi aweza kuweka tarakimu zake mwenyewe. Tuseme watu wanne wana mshipi wa ndoana 150, na usiku mmoja wamepata samaki 15. Maana yake, kila ndoana 100 zimeleta samaki 10. Mwenye chombo akafurahi, akasema, "Tuongeze ndoana ziwe 300." Usiku uliofuata, mahali pale pale, wakapata samaki 20. Kijana wa Feri atasema kuwa wamefaulu, kwani 20 ni wengi kuliko 15. Lakini itazame hesabu tena. Ndoana 150 za kwanza zilileta samaki 15; ndoana 150 za nyongeza zimeleta samaki 5 tu. Kila samaki wa nyongeza amegharimu ndoana 30, na chambo 30. Ikiwa chambo kimenunuliwa alfajiri kwa bei ya mlanguzi, huenda samaki wale watano hawakulipa hata gharama yao.

Kwa nini huwa hivyo? Kwa sababu samaki waliopo mahali hapo ni wale wale. Ndoana haizai samaki. Humshika aliyekwisha kuwapo. Zikiwa chache, kila moja ina samaki wengi wa kuijia. Zikiwa nyingi, zenyewe kwa zenyewe hunyang'anyana, kama maduka kumi yaliyofunguliwa katika kijiji chenye wanunuzi ishirini. Na kuna jambo la pili, nalo ni wakati. Ikiwa kuvuta, kumtoa samaki na kuipanga ndoana moja huchukua dakika moja, ndoana 300 huchukua saa 5. Katika maji yetu ya joto, samaki aliyenasa mapema na kufa hawezi kungoja; nyama yake hulegea, au papa humla na kumwachia mvuvi kichwa. Mwenye ndoana nyingi kupita uwezo wa mikono yake huwavulia papa.

Hapa hatuna budi kusema pia lililo jema. Ndoana, hata zikiwa nyingi, ni zana yenye adabu kuliko kokoro linalokomba pwani, samaki wakubwa na watoto wao pamoja, na ni bora mara elfu kuliko baruti ambayo kwa miaka mingi ilivunja miamba yetu na kuwakata wavuvi mikono. Ndoana huchagua. Iliyo kubwa haimezwi na samaki mdogo. Iliyo ndogo humnasa mchanga ambaye hajazaa hata mara moja. Kwa hiyo mvuvi wa sangara anayetumia ndoana kubwa chache huenda akaufanyia mustakbali wa ziwa wema mkubwa zaidi kuliko mwenye ndoana ndogo elfu. Hivyo idadi peke yake haitoshi; ukubwa wa ndoana nao ni sehemu ya hesabu.

Sasa tutoke katika ngalawa, twende nje ya upeo wa macho. Mwaka 1952 meli za Japani za mishipi mirefu zilianza kuvua katika Bahari ya Hindi, na baadaye zikafuatwa na za Taiwan na Korea. Kanuni waliyoitumia ni ile ile ya kijana wa Feri, isipokuwa imekuzwa kwa mitambo. Meli moja ya namna hiyo huweza kutandaza ndoana 3,000 kwa siku. Ukiziweka kwa nafasi ya mita 40 baina ya moja na ya pili, mshipi huo una urefu wa kilometa 120. Ungefungwa Dar es Salaam, ungeipita Unguja na kuendelea. Baina ya maboya, mshipi huning'inia kama kamba ya kuanikia nguo iliyolegea, na ndoana za katikati huzama mita mia kadhaa, huko waliko jodari wenye macho makubwa, ambao bei yao katika masoko ya Japani ni ya juu sana.

Je, kuongeza ndoana kulileta samaki zaidi? Mwanzoni, naam. Lakini daftari za meli hizo zimetuachia habari ambayo kila mvuvi yafaa aijue. Mwaka 2003 wataalamu wawili waliokuwa wakifanya kazi nchini Kanada, Ransom Myers na Boris Worm, walichapisha utafiti ambao sehemu yake kubwa ilitegemea kumbukumbu za meli za Japani. Waliona kwamba mahali ambapo hapo mwanzo ndoana 100 zilikuwa zikileta takriban samaki 10, baada ya miaka michache ya uvuvi mkubwa zilileta mmoja hivi. Wataalamu wengine waliupinga ukubwa wa upungufu huo, wakisema hesabu haiwi sawa kwa kila aina ya samaki na kila bahari. Lakini jambo moja halikubishaniwa: ndoana zilipozidi, fungu la kila ndoana lilipungua. Yaliyowapata wale watu wanne wa mfano wetu kwa usiku mmoja, bahari nzima iliyapata kwa miaka.

Katika bahari yetu wenyewe, mwaka 2015 wataalamu wa tume ya jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo makao yake yako Shelisheli, walitangaza kwamba jodari wa mapezi ya manjano amevuliwa kupita kiasi. Mataifa wanachama yakakubaliana mwaka 2016 juu ya mpango wa kupunguza uvuvi wake. Makosa hayakuwa ya mishipi mirefu peke yake. Nyavu kubwa za kuzungushia, nyavu za kutega na zana nyinginezo nazo zilichangia. Tathmini ya mwaka 2024 ilileta matumaini bora zaidi. Twapenda msomaji aone hapa jinsi kuhesabu kunavyosaidia: bila daftari pasingekuwa na onyo la 2015, na bila onyo pasingekuwa na mpango.

Ziko pia gharama ambazo haziandikwi katika hesabu ya mwenye meli. Ndoana haiulizi anayekuja ni nani. Kasa na ng'amba, wanaopanda kutaga mayai katika fukwe zetu, huvimeza vyambo vilivyokusudiwa samaki, wakazama kwa kukosa pumzi. Papa, ambaye huchelewa kuzaa na huzaa wachache, hunaswa kwa maelfu. Dawa zipo na si za ajabu: ndoana ya mviringo, ambayo ncha yake imepinda ndani, humpunguzia kasa hatari ya kunaswa kooni, kutega vina virefu kumempunguzia vilevile. Lakini dawa haitumiki yenyewe. Lazima iamriwe, na lazima awepo mtu wa kukagua.

Na gharama kubwa kupita zote, kwetu sisi tulio wafanya kazi, ni ya binadamu. Hebu tuhesabu tena. Ndoana 3,000 zikitupwa kwa kasi ya kumi kila dakika, kutega huchukua saa 5. Zikivutwa nne kila dakika, kuvuta huchukua saa 12 na nusu. Jumla ni saa 17 na nusu, na siku ina saa 24. Baki ni saa 6 na nusu za kula, kuoga, kutengeneza zana na kulala. Sasa, Mkataba wa Kazi za Uvuvi uliopitishwa na Shirika la Kazi la Kimataifa mwaka 2007, ukaanza kutumika mwaka 2017, wasema kwamba baharia wa chombo kinachokaa baharini zaidi ya siku tatu apate mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika kila siku saba. Hesabu hizi mbili hazipatani. Ama meli iajiri watu wa kutosha wapokezane zamu, ama ipunguze ndoana, ama imwibie baharia usingizi wake. Mwenye meli asiyekaguliwa huichagua njia ya tatu, kwa kuwa usingizi wa mtu maskini hauna bei sokoni. Ndiyo sababu twasema kwamba idadi ya ndoana ni jambo la haki za wafanya kazi kama ilivyo jambo la samaki.

Wenzetu wa Maldivi, walio katika bahari hii hii, wanatupa mfano wa kufikiria. Kwa karne nyingi huvua jodari kwa ufito na ndoana moja isiyo na jino la nyuma. Hutupa majini samaki wadogo walio hai, hurusha maji kwa nguvu juu ya uso wa bahari, na jodari hudhani kundi la vidagaa limepita. Ndipo wavuvi husimama tezini, kila mtu na ufito wake, wakiwatoa samaki mmoja mmoja kwa haraka. Kwa kuwa ndoana haina jino, samaki huanguka chomboni mwenyewe na ndoana hurudi majini mara ile. Kwa njia hiyo ya mtu mmoja, ndoana moja, samaki mmoja, uvuvi wao umeweza kuleta tani zaidi ya 100,000 za jodari kwa mwaka, na umewapa kazi watu wengi kuliko ambavyo mtambo ungewapa. Mwaka 2019 serikali yao ilisimamisha leseni za mishipi mirefu. Hatusemi kwamba kila bahari ni Maldivi, wala kwamba ngalawa ya Kigamboni ifanane na chombo cha Malé. Twasema kwamba yule mzee wa Feri mwenye ndoana moja si mjinga, na kwamba lipo taifa zima lililojengwa juu ya ndoana kama yake.

Na sisi je? Tanzania ina pwani ya kilometa zipatazo 1,424, na eneo la uchumi wa bahari lenye kilometa za mraba zipatazo 223,000. Ni shamba kubwa, lakini shamba lisilo na mlinzi huvunwa na mpita njia. Mwezi wa Machi, 2009, meli iitwayo Tawariq 1, yenye zana za mshipi mrefu, ilikamatwa katika eneo hilo ikiwa na tani zipatazo 296 za samaki. Wananchi walifurahi, na samaki wale walijulikana mitaani kwa jina la waziri wa uvuvi wa wakati ule, John Magufuli. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliwatia hatiani watu wawili; lakini mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaibatilisha hukumu kwa kasoro za kisheria katika uendeshaji wa kesi. Hatuko hapa kuwahukumu walioachiwa na mahakama. Funzo tunalolichukua ni kwamba kumkamata mtu baharini ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni karatasi: leseni iliyoandikwa sawasawa, kumbukumbu za mahali na saa, ushahidi uliotunzwa, mashtaka yaliyofuata utaratibu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika jambo hili iliondoka na habari, lakini iliondoka.

Turudi sasa pwani, kwa wale ambao kila siku huenda na kurudi. Katika sehemu nyingi mapato ya uvuvi hugawanywa kwa mafungu: kwanza hutolewa gharama za mafuta, barafu na chambo, kisha huwapo fungu la chombo, fungu la zana, na fungu la watu. Mwenye chombo, ambaye mabaharia humwita tajiri, anapoongeza ndoana kutoka 150 hadi 300, gharama ya chambo huongezeka maradufu, nayo hutolewa kabla ya mgao. Huenda vilevile akadai fungu kubwa zaidi la zana, kwani zana zimezidi. Samaki watano wa nyongeza wakishamaliza kugawanywa hivyo, baharia aliyefanya kazi saa mbili na nusu zaidi hurudi nyumbani na fedha pungufu kuliko jana. Hakudhulumiwa kwa bakora wala kwa matusi. Amedhulumiwa kwa hesabu ambayo hakuonyeshwa. Tumekwisha kusema kwamba dhulumati na dhuluma zaweza kufanana. Hapo ndipo zinapofanana.

Kwa hiyo twatoa ushauri ufuatao, nao hautaki mtaji mkubwa.

Kwanza, kila chombo kiwe na daftari. Kila safari iandikwe mambo manne: ndoana ngapi zilitegwa, chambo kilicholiwa ni cha kiasi gani, saa ngapi zimetumika, na samaki wangapi wamepatikana, wakubwa na wadogo. Mwisho wa mwezi samaki wagawanywe kwa ndoana. Tarakimu hiyo moja, samaki kwa ndoana 100, itamwambia mvuvi kama kuongeza ndoana kunamfaa au kunamla. Ikishuka mwezi baada ya mwezi, ajue kwamba mahali pale panataka kupumzishwa.

Pili, daftari lisomwe mbele ya watu wote wa chombo, kabla ya mgao. Baharia ana haki ya kujua ndoana zake zilileta nini na zilikula nini. Penye chama cha ushirika au kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi, madaftari ya vyombo vyote yakusanywe pamoja, kwani daftari la chombo kimoja husema habari za mtu, na madaftari ya vyombo ishirini husema habari za bahari.

Tatu, wavuvi wa mahali pamoja wapatane juu ya ukubwa wa ndoana. Mmoja akijizuia peke yake, atawaachia jirani zake samaki. Wakijizuia wote, watawaachia watoto wao.

Nne, kwa meli kubwa zinazopewa leseni, hesabu ya ndoana iwe sehemu ya masharti na sehemu ya ukaguzi. Mkaguzi aliyemo melini asihesabu samaki tu. Ahesabu ndoana, aitazame aina yake, awaandike kasa na papa walionaswa, na aulize baharia amelala saa ngapi. Meli inayoficha idadi ya ndoana huficha mambo manne kwa pamoja.

Twajua wapo watakaosema kwamba mvuvi hana nafasi ya kuandika, mikono yake imelowa na macho yake yamekesha. Tunawajibu kwamba mvuvi tayari huhesabu. Huzijua nyota, huzijua siku za bamvua na za maji mafu, hujua alikopata nguru mwaka jana na upepo uliokuwa ukivuma. Kumbukumbu hizo zote anazo kichwani, na akifa huzikwa nazo. Daftari huzibakiza.

Tuliondoka Feri bila kujua ni nani aliyeshinda, yule kijana au yule mzee, na hata sasa hatuoni haja ya kumpa mmoja ushindi. Kijana ashike ndoana zake tano, mradi azifunge kwa nafasi ipasayo na mikono yake iziweze. Mzee naye ashike ndoana yake moja. Lakini watakapokutana tena asubuhi katika matenga, twapenda kila mmoja awe na jibu la swali ambalo siku ile hakuna aliyeliuliza: jana, kwa kila ndoana uliyotia majini, ulipata nini? Daftari la kuliandikia jibu hilo huuzwa dukani, na bei yake haizidi ya chambo cha safari moja.